Choki na marisau ya bata mzinga: jinsi ya kuandaa shotigani kabla ya msimu

Bata mzinga wa porini hapigwi kifuani. Anapigwa kichwani na shingoni, na kila uamuzi wa choki (mbano wa mdomoni mwa mtutu), namba ya marisau (ukubwa wa chembe) na umbali unaanzia hapo. Kifua chake kina manyoya magumu yaliyolaliana kama vigae vya paa, na chini yake kuna nyama nene. Chembe zikiishia humo, ndege anaondoka na majeraha yake na kufia vichakani ambako hutamwona. Ubongo wake ni kama ncha ya kidole gumba, na pingili za shingo hazizidi unene wa kidole cha mwisho. Kazi yako ni kupeleka chembe za kutosha, zenye nguvu ya kuvunja mfupa, ndani ya eneo hilo dogo.

Nilijifunza hilo kwa njia ambayo sitaki wewe uipitie. Nimekulia Singida. Mjomba wangu alikuwa na shotigani ya leseni, na sisi watoto tulimfuata nyuma akiwinda kanga. Kanga hupigwa wakiinuka, kundi zima likitawanyika kwa kelele, na kwa kazi hiyo unataka marisau yafunguke mapema na kuenea. Nilipohamia Missouri na kupata kibali cha kuwinda, nilikuja na akili ileile ya kanga. Asubuhi ya pili ya msimu dume moja lilitokea ukingoni mwa shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa. Nikakadiria yadi 40, nikapiga. Likaanguka, likainuka, likakimbilia korongoni. Nilitafuta hadi saa saba mchana, nikapata manyoya machache na tone la damu kwenye jani la mwaloni, basi. Niliporudi kupima, zilikuwa yadi 52. Choki niliyofunga ilikuwa ya kati, na sikuwa nimewahi kupiga hata karatasi moja kuona marisau yangu yanakwenda wapi.

Tangu siku ile siingii msituni kabla sijaipima bunduki. Haya ninayoandika ni kwa ajili ya wenzangu wanaozungumza Kiswahili huku Marekani, Watanzania, Wakenya, Wakongo, Warundi, ambao wameanza kualikwa na majirani kwenda kuwinda masika na hawana wa kuwaeleza mambo haya kwa lugha yao.

Maneno kwanza

Neno risasi kwa Kiswahili linabeba mizigo miwili: ni madini, na pia ni kile kinachotoka bundukini. Hapa risasi itakuwa madini tu. Kile unachokiingiza bundukini nitakiita katriji. Ndani yake mna baruti, juu ya baruti kuna kikombe cha plastiki, na ndani ya kikombe kumejaa marisau, yaani zile chembe za mviringo. Choki ni mbano ulio mdomoni mwa mtutu. Bunduki nyingi za siku hizi zina choki ya kuskrubu, kipande cha chuma chenye urefu wa kidole ambacho unakifunga na kukifungua kwa ufunguo wake. Unaponunua bunduki moja, kwa kubadilisha choki ni kama umenunua tatu.

Geji ni hesabu ya kizamani. Geji 12 maana yake ni kwamba ukisubu gololi za risasi zinazoenea kwenye mtutu huo, 12 kati yake zinapata uzito wa ratili moja. Ndiyo maana namba ikipanda, mtutu unakuwa mwembamba: geji 12 ni kama milimita 18.5, geji 20 ni milimita 15.6. Ile ndogo iitwayo .410 haifuati hesabu hiyo. Ni kipimo cha inchi, na ni kama milimita 10.4.

Hatua ya 1: Jua sheria kabla ya kununua chochote

Marekani uwindaji unasimamiwa na kila jimbo, na majimbo mengi yameweka ukomo wa ukubwa wa marisau kwa bata mzinga. Missouri, kwa mfano, hairuhusu marisau makubwa kuliko namba 4. Kumbuka kwamba namba ikiwa ndogo, chembe ni kubwa, kwa hiyo namba 2 ni kosa hapo na namba 5 ni halali. Missouri pia inamtaka mwindaji aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1967 au baadaye awe amepita kozi ya usalama wa wawindaji. Kitabu cha kanuni cha jimbo lako hutolewa bure kila mwaka. Soma cha mwaka huu, maana kanuni hubadilika.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wageni. Sheria ya shirikisho inakataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda kumiliki bunduki au katriji, isipokuwa kwa misamaha michache, na mmojawapo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa Marekani. Mwenye ukaazi wa kudumu hayumo kwenye katazo hilo. Kama una shaka yoyote kuhusu hadhi yako, muulize mwanasheria wa uhamiaji kwanza. Ndege mmoja hawezi kuwa na thamani ya makaratasi yako.

Hatua ya 2: Amua umbali wako

Watu wengi huanza na choki. Mimi nakushauri uanze na umbali, kwa sababu ndio utakaokuambia unahitaji choki gani.

Kwa miaka mingi wawindaji wa bata mzinga wamechukulia yadi 40, yaani mita 36 na nusu, kuwa ndio mwisho kwa katriji za risasi. Zipo katriji za kisasa ambazo kwenye karatasi zinafika mbali zaidi, lakini uzuri wa uwindaji huu ni kumwita dume kwa sauti ya jike mpaka aje mwenyewe. Akifika yadi 25 amekuja kweli. Mimi nimejiwekea ukomo wa yadi 35, na tangu niuweke sijapoteza ndege aliyejeruhiwa.

Macho yanadanganya sana msituni. Bonde likiwa katikati yenu, ndege anaonekana karibu. Akiwa kwenye uwanja mtupu alfajiri, anaonekana mkubwa kuliko alivyo. Kama una uwezo, nunua kipimo cha umbali cha leza. Kama huna, jifunze hatua zako: pima yadi 30 kwa utepe nyuma ya nyumba, zitembee mara kumi, ujue ni hatua ngapi kwako wewe.

Hatua ya 3: Chagua namba ya marisau na madini yake

Kuna hesabu rahisi ya kujua ukubwa wa chembe: toa namba ya marisau kwenye 17, na jibu ni kipenyo chake kwa sehemu za mia za inchi. Namba 5 ni 17 toa 5, yaani 12, hivyo kipenyo ni inchi 0.12. Kwa milimita, na kwa idadi ya chembe za risasi ndani ya aunsi moja (gramu 28), picha ni hii:

- Namba 4: milimita 3.3, chembe kama 135
- Namba 5: milimita 3.05, chembe kama 170
- Namba 6: milimita 2.8, chembe kama 225
- Namba 9: milimita 2.03, chembe kama 585

Katriji ya kawaida ya bata mzinga ya geji 12, urefu wa inchi 3, hubeba aunsi moja na robo tatu. Ukipiga hesabu, namba 4 inakupa chembe 236, namba 5 zinakaribia 300, namba 6 karibu 394. Hapo ndipo penye mvutano. Chembe kubwa hushika mwendo na kupenya mfupa vizuri, lakini ni chache, na uchache huacha mianya ambayo kichwa cha ndege kinaweza kupita bila kuguswa. Chembe ndogo hujaza mianya, lakini zikifika mbali zimeishiwa nguvu.

Kwa katriji za risasi, ushauri wangu ni namba 5. Ni chaguo la kati lenye msimamo: zinatosha kwa wingi na zinatosha kwa nguvu hadi yadi 40. Kama unajua hutapiga zaidi ya yadi 30, kwa mfano unawinda kwenye msitu mnene wa mwaloni na mierezi, namba 6 ni nzuri sana na mtawanyiko wake hauna mashimo. Namba 4 mimi siitumii tena. Nimeona karatasi nyingi za namba 4 ambazo mchoro wa kichwa umezungukwa na matundu pande zote na wenyewe umebaki mzima.

Tafuta risasi iliyopakwa shaba nyekundu. Risasi tupu ni laini. Inaposukumwa na baruti na kubanwa na choki, chembe hubonyea, na chembe iliyobonyea haiendi moja kwa moja. Koti la shaba hupunguza hilo. Zipo pia katriji ambazo katikati ya chembe zimejazwa unga au utomvu mgumu kuzishikilia zisigongane. Winchester Long Beard XR ni mojawapo, na kwa bei yake nimeiona ikifanya kazi nzuri katika bunduki nyingi.

Sasa madini. Uzito wa kitu kwa ujazo wake ndio unaoamua kila kitu hapa. Chuma ni kama gramu 7.8 kwa sentimita moja ya ujazo, bismathi 9.6, risasi kama 11, na ile tangisteni wanayoiita TSS inafika 18. Chuma ni chepesi, hupoteza mwendo haraka, hivyo ukilazimika kukitumia mahali ambapo risasi imekatazwa, chagua chembe kubwa zaidi kwa namba mbili (yaani badala ya namba 6, namba 4) kama kanuni inaruhusu na ufupishe umbali wako. TSS ni kinyume chake. Chembe ya TSS ya namba 9, ndogo kama punje ya ulezi, hupenya karibu sawa na risasi ya namba 5, na aunsi moja ina chembe zaidi ya 350. Yaani unapata wingi na nguvu kwa pamoja.

Ndiyo maana TSS imebadilisha uwindaji huu. Bunduki ya geji 20, nyepesi, yenye aunsi moja na nusu ya TSS namba 9, inapeleka chembe zaidi ya 500. Hata .410, ambayo zamani hakuna mtu makini angeibeba kwa bata mzinga, sasa inaua kwa heshima hadi yadi 30 na zaidi. Kwa kijana anayeanza, kwa mama mwenye mwili mdogo, kwa mzee mwenye bega bovu, hii ni neema kubwa. Tatizo ni bei: katriji moja inaweza kufika dola 10 au kupita. Kama bajeti hairuhusu, usijisikie vibaya. Risasi ya namba 5 imeua bata mzinga kabla hatujazaliwa, na itaendelea.

Katriji za inchi 3 na nusu siwashauri wanaoanza. Teke lake ni kali mno. Mtu akishapigwa bega mara mbili kwenye meza ya kulengea huanza kufumba macho na kusukuma mtutu kabla hajafyatua, na hapo aunsi zote za ziada zinakwenda hewani.

Hatua ya 4: Chagua choki inayoendana na mtutu wako

Choki hupimwa kwa tofauti kati ya upana wa mtutu na upana wa mdomo wa choki. Kwenye geji 12, choki iliyo wazi haibani kabisa. Inayofuata hubana kama robo milimita, ya kati nusu milimita, na iliyojaa milimita moja hivi. Kipimo cha zamani ni asilimia ya chembe zinazoingia ndani ya duara la inchi 30 kwa yadi 40: wazi kama 40, ya pili 50, ya kati 60, iliyojaa 70. Choki maalumu za bata mzinga hubana zaidi ya hapo, mara nyingi milimita moja na nusu au zaidi kidogo. Utaziona zimeandikwa .660, .665, .670. Hizo ni inchi za mdomo wake, na namba ikiwa ndogo mbano ni mkali zaidi.

Hapa ndipo wengi tunapopotea. Tunadhani mbano ukizidi ndivyo mtawanyiko unavyokuwa bora, lakini kuna mahali mbano unageuka adui. Chembe zinasongamana, za risasi zinabonyea, kikombe kinakwama kidogo wakati wa kutoka, na karatasi inakuonyesha tundu katikati na chembe zimetupwa pembeni. Chembe kubwa huteseka zaidi. Kwa geji 12 yenye mtutu wa kawaida, pa kuanzia ni .665 kwa namba 5 na namba 6, na .670 au .675 kwa namba 4. Hapo ni pa kuanzia tu. Mwisho utaambiwa na karatasi.

Nimesema mtutu wa kawaida kwa makusudi. Mitutu haifanani hata kama yote inaitwa geji 12. Kipimo cha asili ni inchi 0.729, lakini mtutu wa Browning wenye choki za Invector Plus una kama 0.742, na Mossberg 835 una 0.775, upana wa geji 10. Choki ya .665 kwenye mtutu wa 0.775 inabana kupita kiasi. Kwa hiyo usinunue choki kwa sababu jirani anaisifu. Nunua kwa jina la bunduki yako na aina ya skrubu yake.

Skrubu nazo ni habari nyingine. Remington 870 hutumia skrubu iitwayo Rem Choke. Mossberg 500, WinChoke za Winchester na Invector za zamani za Browning hushirikiana skrubu moja. Invector Plus haiingiliani na hizo, wala Mossberg 835. Muuzaji mmoja aliwahi kunipa choki akiniapia kwamba ni ya 870 yangu. Iliingia mizunguko miwili ikakaza. Ningeilazimisha ningeharibu mtutu wa dola mia kadhaa. Choki sahihi huingia kwa vidole, laini, hadi mwisho, na ufunguo ni wa kukazia tu.

Mambo manne ya usalama ambayo sitaki uyaruke. Usipige bunduki bila choki ndani, kwa sababu skrubu za mtutu zitaharibika. Usipige kipande kimoja kikubwa, kile cha kuwindia paa, kupitia choki ya bata mzinga. Usipige chuma au TSS kupitia choki ambayo mtengenezaji hajaandika kuwa inafaa kwa madini hayo, maana ni magumu na hayabonyei kama risasi. Na kila unapobadilisha choki, toa katriji zote, fungua chemba, tazama kwa macho, kisha ingiza kidole kuhakikisha ni tupu, kwa kuwa mikono yako itakuwa mdomoni mwa mtutu.

Hatua ya 5: Piga karatasi

Kama utasoma hatua moja tu, soma hii.

Nenda uwanja wa kulengea wenye ruhusa, au shamba lenye kilima nyuma, siku isiyo na upepo, wiki mbili au tatu kabla ya msimu. Beba karatasi kubwa zenye upana wa inchi 36 hivi. Ile karatasi ya kahawia ya kufungia vifurushi inatosha na ni rahisi. Beba kalamu nene, utepe wa kupimia, miwani ya kinga, vizibo vya masikio, na mfuko wa mchanga au mchele wa kulazia bunduki. Kaa kwenye meza, bunduki imetulia, bega limeegeshwa na taulo lililokunjwa.

Anza na katriji nyepesi za kulengea, namba 7½ au 8, kwa yadi 20. Chora nukta, lenga nukta, piga. Hapa unachotafuta ni mahali katikati ya kundi la chembe ilipoangukia. Bunduki nyingi, hasa zikifungwa choki kali, hazipigi pale unapolenga. Kundi linaweza kuwa inchi nne juu na inchi tatu kushoto. Kwa choki ya kanga usingegundua, lakini kwa choki ya bata mzinga hizo inchi nne zinatosha kukukosesha ndege. Kama bunduki ina kilengeo cha kurekebisha au nukta nyekundu ya umeme, rekebisha sasa, kwa katriji nyepesi, kabla bega halijachoka.

Kisha weka katriji zako za kweli. Piga karatasi moja kwa katriji moja tu. Usipige mbili kwenye karatasi moja, hutajua ipi ni ipi. Kwa kila mchanganyiko wa choki na katriji, piga karatasi tatu kwa yadi 40. Andika pembeni ya kila karatasi: choki gani, katriji gani, umbali, tarehe. Acha mtutu upoe kati ya milio. Kaza choki kila baada ya milio michache, kwa kuwa hulegea, na choki iliyolegea ikipigwa inaweza kupasuka.

Sasa kaa chini uhesabu. Tafuta pale chembe zilipokolea, chora duara lenye kipenyo cha inchi 10, uhesabu matundu yote yaliyomo. Tia alama kila tundu kwa kalamu ili usirudie. Kipimo ambacho wawindaji wengi wanakikubali ni matundu 100 ndani ya duara hilo. Ukipata 120 kwa yadi 40, bunduki hiyo na katriji hiyo wameoana. Ukipata 60, usijidanganye. Sogea hadi yadi 35, kisha 30, mpaka upate 100. Hapo ulipoipata ndipo mwisho wako msituni kwa choki na katriji hiyo, hata kama pakiti imeandikwa yadi 60.

Hesabu peke yake haitoshi. Tazama pia usawa. Weka kiganja chako juu ya karatasi sehemu mbalimbali ndani ya duara. Kama kuna mahali kiganja kizima kinafunika bila tundu, mtawanyiko una shimo. Mimi huwa nachukua karatasi ngumu, nakata umbo la kichwa na shingo ya bata mzinga kwa ukubwa halisi, nalitembeza juu ya duara na kuona kila mahali chembe ngapi zimegusa ubongo na pingili. Nikikuta mahali panapogusa chini ya tatu, sipendi mchanganyiko huo.

Mwaka mmoja nililinganisha hivi choki mbili kwenye 870 yangu, katriji ileile ya namba 5. Choki ya .660, iliyokuwa ghali zaidi na yenye matobo ya kupunguzia teke, ilinipa 88, 94 na 79. Choki ya kawaida ya .670 ilinipa 117, 109 na 121. Nisingepiga karatasi ningekwenda msituni na ile ghali, nikijiamini.

Usikunje vifaa bado. Sogea hadi yadi 10 kutoka kwenye karatasi na upige moja ya mwisho. Utaona tundu moja lililochanika, dogo kama chungwa au ngumi ya mtoto. Dume akiwa karibu namna hiyo, huna tena bunduki ya marisau mkononi. Una karibu kipande kimoja, na unatakiwa kulenga kama mwenye bunduki ya kipande kimoja. Watu wengi hukosa bata mzinga aliye yadi 12 tu, na sababu ni hiyo. Kama msitu wako ni mnene na ndege hutokea karibu siku zote, fikiria kwa dhati choki iliyojaa ya kawaida badala ya ile kali.

Hatua ya 6: Msituni

Ukishakaa chini ya mti wako alfajiri, kabla dume hajaanza kulia, chagua miti au mawe mawili upande wa mbele ambayo unajua yako kwenye mwisho wa umbali wako. Ndege akiwa ng'ambo ya hapo, bunduki inabaki magotini. Chagua mti mpana kuliko mabega yako, na usivae wala kubeba kitu chekundu, cheupe au cha bluu, hata leso, kwa sababu hizo ndizo rangi za kichwa cha dume na kuna mwindaji mwingine anayezitafuta. Na kamwe usiifuate sauti ya bata mzinga kwa kunyatia. Huenda ni binadamu mwenzako anayeita.

Dume akija amejivimbisha, mkia umefunguka kama feni na shingo imezama manyoyani, usipige. Ubongo upo lakini pingili zimejificha. Mwite kidogo, toa sauti moja kali. Ataacha kujivimbisha na kunyoosha shingo kutafuta jike. Hapo weka kilengeo pale manyoya yanapoishia na ngozi tupu ya shingo inapoanzia, si juu ya kichwa, ili nusu ya juu ya kundi ichukue kichwa na nusu ya chini ichukue shingo. Angalia nyuma yake kama kuna ndege wa pili, kisha bonyeza polepole.

Kwa Waislamu wenzangu: wengi wetu tunasoma Bismillahi kabla ya kufyatua, na tunakwenda na kisu kikali kiunoni ili tumchinje akikutwa bado yu hai. Masheikh wana maelezo yao kuhusu windo la marisau, na ni vizuri umuulize wako kabla ya msimu. Faida ya kupiga kichwa na shingo inaonekana hapa pia: kifua kinabaki safi. Hata hivyo kata na tupa nyama ya shingo yenye matundu, na waonye wageni mezani watafune taratibu.

Msimu ukiisha, fungua choki na uipige brashi ndani, maana plastiki ya vikombe huacha utando unaoharibu mtawanyiko wa mwaka ujao. Futa skrubu, paka grisi nyembamba inayostahimili joto, ifunge tena kwa vidole. Zile karatasi zilizoshinda usizitupe. Zangu nimezikunja ndani ya mkoba wa bunduki, na kwenye kitako nimebandika kipande cha plasta kilichoandikwa: ".670, namba 5, yadi 35."